NGUVU HAZILEI NYUMBA

Kuanzia Februari 2021 mpaka Desemba 2024, kituo cha televisheni cha Marekani kiitwacho The CW kilionyesha tamthilia ya mfululizo yenye sehemu 53, jina lake Superman & Lois. Habari zake ni za yule jabari avaaye joho jekundu na kuruka angani, ambaye sura yake yajulikana hata na watu wasiopata kusoma ukurasa mmoja wa hadithi zake. Lakini tamthilia hii ilifanya jambo ambalo hadithi za namna hiyo kwa desturi hulikimbia. Ilimtwaa mtu aliyewapita watu wote kwa nguvu, ikampa mke, wana wawili mapacha wa miaka 14, mama aliyefariki ghafula, shamba la kutunza, na kazi iliyokwisha kumponyoka; kisha ikamwuliza: Haya, bwana, nguvu zako zitakufaa nini humu ndani?

Wako watakaosema kwamba huo ni mchezo wa watoto, na kwamba gazeti lisomwalo na wafanyakazi lina mambo mazito zaidi ya kushughulikia. Sisi hatuoni hivyo. Hapana jambo lililo zito kwa mfanyakazi kuliko nyumba anayoirudia jioni. Tena hadithi zipendwazo na watu wengi hazipiti bure. Humfundisha kijana ni mtu wa namna gani astahiliye kuitwa mwanamume, na humfundisha msichana amtazamie mume wa namna gani. Kwa hiyo yatupasa kuzitazama kwa macho yaliyo wazi, tukasema lipi ndani yake ni jema na lipi ni pungufu.

Kwanza tukumbuke jabari huyu alikotoka. Alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio, Jerry Siegel na Joe Shuster, wana wa Wayahudi waliohama Ulaya. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1938, katika kitabu cha hadithi za picha kiitwacho Action Comics. Marekani ilikuwa bado haijatoka katika dhiki kuu ya uchumi, na jabari wa siku zile hakupigana na wafalme wa nyota za mbali. Katika toleo lile la kwanza alimkabili mume aliyekuwa akimpiga mkewe. Katika toleo la tatu alijifanya mchimba migodi, akahakikisha kwamba mwenye mgodi na wageni wake wa karamu wamefungiwa chini ya ardhi, wapate kuionja hatari waliyokuwa wakiwaachia vibarua.

Na wale vijana waliombuni walipata nini? Waliuza haki zao kwa dola 130. Kampuni ilivuna mali kwa miaka mingi, na wao wakazeeka katika shida. Mpaka mwaka 1975, wote wawili wakiwa wamepita miaka 60, ndipo walipoahidiwa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja, na majina yao yakarudishwa juu ya kazi yao wenyewe. Mfanyakazi asomaye habari hiyo hana haja ya kufafanuliwa.

Walakini, katika nyumba ya jabari huyo waandishi waliogopa kuingia kwa muda mrefu sana. Lois Lane, mwanamke mwandishi wa habari, alikuwamo tangu toleo la kwanza, wala hakuolewa. Katika tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa tangu 1952 mpaka 1958 hakuolewa. Ukiacha hadithi za kando, zilizosimuliwa kama mambo ya kuwazia tu au ya ulimwengu mwingine, ilipita miaka 58 kabla ya harusi kufanyika. Ilifanyika Oktoba 1996, katika vitabu vya picha na katika tamthilia iliyoitwa Lois & Clark, karibu siku moja. Mwaka uliofuata tamthilia hiyo ikafungwa, na wengi wakapata sababu ya kurudia usemi wao wa zamani, kwamba ndoa huua hadithi.

Usemi huo ni wa makosa, na makosa yake yanafaa kuchunguzwa, maana hayako katika sinema peke yake. Yanatokana na fikira kwamba nyumbani ni mahali pasipotokea kitu. Kwamba ushujaa ni wa nje, uwanjani, mbele ya macho ya watu, na nyumbani ni pa kuvua viatu na kungoja chakula. Mwenye kufikiri hivyo hajapata kuamka usiku na mtoto mwenye homa, wala kukaa na mwenzake mezani wakihesabu fedha zisizotosha, wala kumwambia kijana wake neno la kweli lililo chungu. Hayo yote yataka moyo, wala hayapigiwi makofi.

Tamthilia ya 2021 ilianza hapo hasa. Clark Kent, maana ndilo jina la jabari katika maisha ya kawaida, alikuwa mwandishi wa gazeti kubwa la Daily Planet. Katika sehemu ya kwanza kabisa gazeti hilo lilikuwa limekwisha kununuliwa na tajiri aitwaye Morgan Edge, na Clark akaachishwa kazi. Twaomba msomaji alitafakari jambo hilo. Mtu awezaye kusimamisha kwa mikono yake mitambo itakayo kulipuka hakuweza kusimamisha amri ya tajiri ya kupunguza watu. Kisha mamaye akafariki, na jamaa yote ikauacha mji mkubwa ikahamia Smallville, mji mdogo wa wakulima katika Kansas, ambao kazi zake zilikuwa zimekauka.

Huko nyumbani likadhihirika jambo la kwanza ambalo nguvu hazilitendi. Clark huvuka bahari kwa nukta chache, na husikia kilio cha mtu aliye upande wa pili wa dunia. Lakini Jordan, mwanawe mmoja, alikuwa na maradhi ya hofu ya kukaa mbele za watu, na ukimya wa mtoto hausikiki kwa masikio makali. Husikika na mtu aliyeketi karibu. Mtoto hahitaji mtu awezaye kufika upesi tu. Amhitaji mtu anayekaa. Na huyu baba alikuwa haketi, maana kila alipoketi aliitwa: mahali moto, mahali gharika, mahali adui.

Twasema jambo hili lawahusu wengi ambao hawaruki angani. Lamhusu nesi, lamhusu dereva wa gari moshi, lamhusu askari wa zimamoto, na lamhusu pia yule mtumishi wa watu asiyekosa mkutano hata mmoja, ambaye jirani wote humsifu na wanawe hawamjui vema. Kazi yake ni njema, na walioitwa kuokoa hawana budi kwenda. Lakini sifa za nje zisiwe kisingizio. Anayesema kwamba anawapenda watu wote, na hana saa moja ya kuwapa wale wanne wanaolala chini ya dari yake, upendo wake una ufa, na heri aujue ufa huo kabla ya nyumba kuinama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la pili ni ukweli. Wazazi hawa waliwaficha wana wao babao ni nani. Nia ilikuwa njema, kama ilivyo nia ya wazazi wengi wafichao ugonjwa, deni, au habari za ukoo. Watoto walipogundua siri, kilichowachoma hakikuwa kwamba baba yao alizaliwa nyota nyingine. Kilichowachoma ni kwamba wamedanganywa maisha yao yote ndani ya nyumba yao wenyewe. Fundisho hilo ni zito. Mzazi hufikiri kuwa siri ni ukuta wa kumkinga mtoto. Mtoto huuona ukuta huo kuwa umemwacha nje.

Tena tazameni jinsi walivyoandikwa mapacha hawa. Nguvu za baba zilimwangukia Jordan, yule dhaifu na mwenye hofu. Jonathan, aliyekuwa hodari wa michezo na mwenye kupendwa, akabaki mikono mitupu, akimtazama nduguye akifundishwa na baba kila siku. Katika msimu wa pili kijana huyo alianza kutumia dawa ya kumpa nguvu kwa muda mfupi, mpaka akakamatwa shuleni. Hapo tamthilia iligusa kidonda cha nyumba nyingi. Wapo watoto wawili, mmoja ana kipawa, na macho ya wazazi hufuata kipawa. Yule mwingine hasemi neno. Huenda kutafuta penginepo kitu cha kumfanya aonekane.

Jambo la tatu ni mke. Lois Lane wa tamthilia hii si pambo la kuokolewa kila juma. Tajiri Edge alipobadilisha makala yake, aliiacha kazi katika gazeti kubwa akaenda kuandika katika kigazeti kidogo cha Smallville, akaendelea kumfichua tajiri yule yule. Kazi yake ina heshima yake; haikuwekwa chini ya kazi ya mumewe ati kwa kuwa mume huinua milima. Walipokosana, hawakukosana kwa vitisho. Walizungumza, wakanyamaza, wakazungumza tena. Na katika mambo ya nyumba mara nyingi ndiye aliyeona njia kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwapo. Ndoa ya namna hiyo, ya watu wawili wafanyao kazi na kuheshimiana, haionyeshwi mara nyingi katika michezo ya majabari, nasi twaisifu bila ya kusita.

Nyumba ya jirani yao ilionyeshwa kwa uadilifu vile vile. Kyle Cushing, mkuu wa zimamoto wa mji ule, na mkewe Lana, hawakuwa na nguvu za ajabu. Walikuwa na pombe, ukosefu wa uaminifu, na binti aliyekwisha kujaribu kujiua. Edge alipokuja Smallville na ahadi ya kufungua migodi na kutoa kazi, Kyle alimwunga mkono, na tamthilia haikumfanya kuwa mpumbavu kwa hilo. Mji usio na kazi humsikiliza ajaye na kazi. Baadaye ikajulikana kwamba Edge alitaka miili ya wenyeji, aitumie kuwa vyombo vya kutilia roho za taifa lililokwisha kufa. Ni hadithi ya kubuni. Lakini waliopata kuajiriwa na mtu asiyetaka kwao ila mwili wameielewa bila mkalimani.

Katika msimu wa tatu, mwaka 2023, ndipo tamthilia ilipofika kilele chake. Lois aliugua saratani ya titi. Hapana adui wa kupiga. Hapana mlima wa kuinua. Mume mwenye nguvu zote aliketi kitini hospitali, mkewe akitiwa dawa kali mishipani, akashika mkono. Na katika hospitali hiyo Lois alifanya urafiki na mgonjwa mwingine, Peia, bila ya kujua kwamba ni mke wa Bruno Mannheim, mhalifu aliyekuwa akimwandama kwa kalamu. Mannheim naye alimpenda mkewe, na kwa ajili ya kumponya alikuwa tayari kuwadhulumu watu wengine wote. Hivyo waume wawili wakawekwa mizani moja, mbele ya ugonjwa mmoja. Mmoja alikubali kwamba hana uwezo, akabaki mwema. Mwingine alikataa, akasababisha vilio katika nyumba za wengine. Kumpenda wako hakukupi ruhusa ya kuwaangamiza wa mwenzako.

Mfano huo umerudiwa tena na tena. John Henry Irons alitoka ulimwengu mwingine, ambamo jabari huyo huyo aligeuka kuwa mwuaji na kumwua Lois, aliyekuwa mke wa Irons. Lex Luthor, aliyefungwa miaka 17 kwa mauaji asiyoyafanya, alimpoteza binti yake kwa miaka hiyo, akamtaka Lois aiache kazi ya uandishi ili alipe. Hapo twaona kwamba mwandishi hodari naye aweza kukosea, na kosa la kalamu laweza kuvunja nyumba ya mtu. Twaona pia kwamba mwenye kudhulumiwa aweza kuwa na haki katika kilio chake na asiwe na haki katika kisasi chake.

Mwisho wake ulionyeshwa tarehe 2 Desemba 2024. Clark aliuawa na kuondolewa moyo. Akarudishwa uhai kwa moyo wa mkwewe, Jenerali Sam Lane, babaye Lois, aliyejitoa nafsi. Tangu siku hiyo jabari akaanza kuzeeka kama watu wote. Miaka 32 baadaye saratani ya Lois ilirudi, akafa; na Clark, baada ya kukaa peke yake na mbwa wake, naye akafa. Hakufa vitani. Alikufa mzee, mjane, baba na babu. Kati ya hadithi zote alizoandikiwa tangu 1938, chache zimempa heshima kubwa kuliko hiyo.

Sasa na tuseme yaliyopungua, maana sifa bila ya kipimo ni hila. Clark aliachishwa kazi, lakini hatukuiona nyumba yake ikilala njaa. Shamba lilikuwapo, na jasho lake tuliliona kwa uchache. Saratani ilionyeshwa kwa ukweli wa mwili na wa moyo, lakini gharama za matibabu, ambazo katika Marekani huweza kuifilisi jamaa nzima, hazikuwa kiini cha hadithi. Hili si jambo dogo. Kumwambia mfanyakazi kwamba watoto huhitaji wakati wa baba na mama ni kusema kweli. Kumwambia hivyo bila ya kutaja ni nani aliyeushika wakati huo ni kusema nusu ya kweli. Mtu afanyaye kazi mbili ili kodi ilipwe hakosi mapenzi. Amekosa saa. Baba anayerudi wanawe wamelala, na kutoka kabla hawajaamka, asihukumiwe pamoja na yule aliyeshinda kilabuni kwa kupenda kwake. Mishahara, saa za kazi, likizo ya uzazi na matibabu ni mambo ya nyumba kama vile yalivyo mambo ya kiwanda.

Na waliotengeneza tamthilia hii wenyewe walilijua jambo hilo. Mwaka 2022 kituo cha The CW kiliingia mikononi mwa kampuni ya Nexstar, na gharama zikaanza kukatwa. Tarehe 2 Mei 2023 waandishi wa sinema na televisheni wa Marekani wapatao 11,500 waliweka kalamu chini, wakadumu katika mgomo siku 148, wakidai malipo ya haki na kinga dhidi ya mitambo ya akili bandia. Waigizaji wakawafuata Julai, wakagoma siku 118. Tamthilia yetu ilipewa msimu mmoja tu wa mwisho, wenye sehemu 10 badala ya 15 za mwanzo, na wachezaji kadhaa waliokuwa wa kudumu hawakubakizwa katika ajira ya kudumu. Basi hadithi iliyoanza na mtu aliyepunguzwa kazini ilimalizwa na watu waliopunguzwa kazini. Tangu zile dola 130 za Siegel na Shuster hadi leo, jabari amebadilishiwa mavazi mara nyingi, lakini swali la nani hula jasho la nani halijabadilika.

Je, tuseme nini kwa ujumla? Twasema kwamba Superman & Lois ilikuwa tamthilia njema, nayo yafaa itazamwe na wazee pamoja na vijana wao, kisha izungumzwe. Twasema kwamba watungaji wa michezo, kila walipo, waache kuiogopa ndoa kana kwamba ni kaburi la hadithi. Nyumbani mna vita, hila, toba na ushindi wa kutosha kalamu zote. Na twasema kwamba kila mmoja wetu, mume kwa mke, ajiulize swali lililoulizwa jabari yule. Ukivuliwa cheo chako, na mshahara wako, na sifa zako za nje, ukaachwa mlangoni pako na mikono mitupu, waliomo ndani watafurahi kwamba umefika? Atakayejibu ndiyo, huyo amefanya kazi ambayo nguvu peke yake haziwezi. Atakayesita, na aanze leo, maana watoto hawangoji. Na yule anayeishika saa ya mfanyakazi mpaka usiku, naye adaiwe airudishe.